Lebo ya Ulaya: anwani kwanza, CE ngoja kwanza

Wanaosafirisha vikapu vya mkonge kwenda Ulaya huniuliza swali lilelile: alama ya CE, ile ya kuonyesha kuwa bidhaa imetimiza masharti ya Ulaya, tuichape wapi? Kwenye kikapu, usiichape popote. CE ni ya bidhaa ambazo sheria yake mahususi inaidai, mfano vifaa vya umeme na vitu vya kuchezea watoto. Ukiibandika pasipotakiwa umevunja sheria. Ila tembo wa kitenge aliyejazwa pamba ili mtoto acheze naye, hata ukimwita pambo, CE inamhusu.

Kikapu kinaangukia Kanuni 2023/988 ya usalama wa bidhaa kwa jumla, inayotumika tangu tarehe 13 Desemba 2024. Inadai jina la mtengenezaji, anwani yake ya posta na ya kielektroniki, pamoja na namba ya bechi (kundi la bidhaa zilizotengenezwa pamoja) au alama nyingine ya kuitambulisha bidhaa. Namba ya bechi ndiyo inayopuuzwa zaidi, nami naiona ndiyo kinga yako. Rangi ya pipa moja ikigundulika ina sumu, utarudisha vikapu vya pipa hilo tu. Bila namba, vyote vinarudi, na nauli ni yako.

Nafasi ikikosekana kwenye bidhaa, maelezo hayo yawekwe kwenye kifungashio au karatasi inayoambatana nayo. Msimbo wa QR peke yake hautoshi.

Kisha awepo mhusika aliye ndani ya Umoja wa Ulaya, ambaye wakaguzi watambishia hodi. Ukimuuzia mwenye duka Hamburg, kwa kawaida ni yeye, kama mwagizaji. Ukimuuzia mlaji moja kwa moja mtandaoni, huna mwagizaji. Itabidi umteue mwakilishi kwa maandishi, na wengi wao hutoza ada. Jina na anwani yake vionekane kwenye bidhaa, kifungashio, kifurushi au karatasi, na pia kwenye tangazo lako la mtandaoni, kabla mteja hajalipa.

Onyo la usalama liandikwe kwa lugha ambayo nchi husika imeiamua: Ujerumani, Kijerumani. Kiingereza cha kubahatisha hakitakuvusha.

Nyuma ya lebo kuna faili, nalo hutunzwa miaka 10 tangu bidhaa iingie sokoni. La kikapu si lazima liwe nene: malighafi, rangi uliyotumia, hatari ulizozifikiria na ulivyozipunguza.