Je, wajua kwa nini wasanii wa Uingereza hufunguka zaidi wakiulizwa kuhusu santuri nane?

Mwulize mwanamuziki mashuhuri alianzaje kuimba, atakupa jibu ambalo limeshapita mdomoni mwake mara mia: kwaya ya kanisani, gitaa la mjomba, usiku wa kwanza jukwaani. Hadanganyi. Ila jibu limelainika kwa kutumika, kama sarafu ya zamani iliyofutika sura. Sasa mwambie hivi: chombo kimezama, umetupwa peke yako kwenye kisiwa kisicho na watu, na una santuri nane tu. Zipi hizo? Hapo atanyamaza kidogo. Akianza kusema, mara nyingi hataanza na kazi yake. Ataanza na jikoni kwa mama yake.

Swali hilo linaulizwa Uingereza tangu tarehe 29 Januari 1942, katika kipindi cha redio ya BBC kiitwacho Desert Island Discs. Wageni wamepita zaidi ya 3,000: waimbaji, wachoraji, waigizaji, waandishi, wacheza dansi, hata wanasayansi na wanasiasa. Anayetaka kujua wasanii wa nchi ile wanasemaje juu ya kazi zao na maisha yao hana hazina kubwa kuliko hii. Na ajabu yake ni kwamba chanzo chake ni mchezo, wa aina ambayo watoto wangeweza kuucheza barazani.

Aliyeubuni ni mtangazaji Roy Plomley, kijana wa miaka 27. Usiku mmoja wa Novemba 1941, moto umeshazimika na yeye yumo ndani ya nguo za kulalia, wazo lilimjia, akakaa hapo hapo akamwandikia barua Leslie Perowne wa BBC. Vita vilikuwa vimepamba moto. Kipindi cha kwanza kilitengenezwa katika studio za Maida Vale, London, jengo ambalo lilikuwa limeshapigwa bomu, kikarushwa kwenye idhaa ya wanajeshi. Mgeni alikuwa Vic Oliver, mchekeshaji na mpiga fidla mzaliwa wa Vienna, mkwe wa Winston Churchill.

Mazungumzo yale ya kwanza hayakuwa mazungumzo hasa. Wakati wa vita hakuna aliyeruhusiwa kusema hewani maneno ambayo mkaguzi hajayapitia, isije siri ikavuja. Kwa hiyo Plomley na mgeni wake walikaa kwanza, wakaandika maswali na majibu, wakapeleka karatasi zikaguliwe, kisha wakazisoma mbele ya maikrofoni kana kwamba wanapiga gumzo. Sauti ya siku ile haikuhifadhiwa. Kilichobaki ni karatasi.

Masharti ya mchezo yameongezeka kidogo kidogo. Tangu mwaka 1951 mgeni anachagua pia kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Biblia na kazi zote za Shakespeare anapewa bure, na asiyeitaka Biblia anaweza kupewa kitabu kitakatifu cha dini yake. Kitu cha anasa kisiwe na uhai, wala kisimsaidie kutoroka kisiwani. Mchekeshaji John Cleese alimwomba rafiki yake Michael Palin. Akakubaliwa kwa sharti kwamba Palin awe amekufa na kukaushwa kama ndege wa makumbusho. Paul McCartney, mwanamuziki wa kundi la Beatles, alitaka gitaa. Mwisho linakuja swali zito kuliko yote: wimbi linakuja kusomba santuri zako, unaweza kukimbilia moja tu. Ipi?

Nami hushikilia hapo kwa Paul McCartney, maana yeye ndiye anayenionyesha wazi kuliko wote kwa nini mchezo huu unafanya kazi.

John Lennon, rafiki yake na mwenzake wa zamani katika kundi la Beatles, alipigwa risasi New York tarehe 8 Desemba 1980, akafa. Siku iliyofuata McCartney alikuwa studioni London, na alipotoka waandishi walimzingira na maikrofoni zao. Unajisikiaje? Alijibu kwa maneno machache makavu, akaingia garini. Maneno yale yalimwandama kwa miaka. Watu walisema hana moyo, rafiki yake amekufa naye anajibu kama aliyechelewa basi. Lakini mtu aliyepigwa na msiba atajibu nini mbele ya kamera, usiku, barabarani? Hata kwetu, kwenye msiba, hatumwulizi mfiwa anajisikiaje. Tunampa pole, tunakaa naye mkekani, na maneno yatatoka yenyewe yakiwa tayari.

Mwanzoni mwa 1982 McCartney aliitwa na Plomley kisiwani. Kipindi kilikuwa kinatimiza miaka 40. Miongoni mwa santuri zake nane alitia wimbo ambao Lennon alimtungia mwanawe mdogo, wimbo wa baba anayembembeleza mtoto, uliotoka wiki chache tu kabla ya kuuawa kwake. Na alipoulizwa ni upi angeuokoa kutoka kwenye mawimbi, alichagua huo huo.

Hakuna aliyemwuliza kama alimpenda rafiki yake.

Hiyo ndiyo siri ninayoiona. Swali la santuri halimgusi mtu moja kwa moja; linampa kitu cha kushika mkononi wakati anazungumza. Msanii anadhani anaeleza kwa nini mpiga tarumbeta fulani ni hodari, kumbe anamweleza baba yake aliyekuwa akiupiga wimbo ule kila Jumapili. Watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa jambo hili. Kanga imekuwa ikisema kwa niaba ya aliyeivaa kwa zaidi ya miaka mia. Kwenye taarabu mama anainuka kitini, anakwenda kutunza kwenye ubeti mmoja tu, si ule uliotangulia wala unaofuata, na ukumbi mzima unaelewa ana neno na nani. Hajafungua mdomo. Wimbo umesema, naye ameweka sahihi yake hapo.

Waingereza walikuwa na njia nyingine pia. Kati ya 1959 na 1962 televisheni ya BBC ilirusha kipindi cha Face to Face, ambamo John Freeman aliwahoji watu mashuhuri huku kamera ikiwakazia macho uso kwa uso, na yeye mwenyewe sura yake haionekani. Mchongaji Henry Moore alipita pale, na mchoraji mzee Augustus John. Ni mahojiano mazuri, mengine makubwa. Lakini mwaka 1960, alipoketi Gilbert Harding, nyota wa televisheni aliyejulikana kwa ukali wake, Freeman alimpeleka kwa maswali hadi kwenye kifo cha mama yake, na yule mtu mkali akalengwalengwa na machozi mbele ya taifa. Kabla mwaka haujaisha Harding alikuwa amefariki. Freeman mwenyewe alikuja kusikitika kwa swali lile. Swali la ana kwa ana hufika pale pale, ila hufika kwa kuvunja mlango.

Sababu ya pili iko kwenye ubongo wetu. Catherine Loveday wa Chuo Kikuu cha Westminster na wenzake walichukua wageni 80 wa kipindi hiki wakachunguza kila wimbo unahusu wakati gani wa maisha ya aliyeuchagua. Takriban nusu ya nyimbo ziliangukia kati ya umri wa miaka 10 na 30. Huo ndio wakati mtu anapofinyangwa: anatoka kwao, anapenda mara ya kwanza, anapata kazi au anaikosa, anaamua atakuwa nani. Kwa msanii, ndio wakati wa kupanga chumba kimoja na wenzake watatu na kulala njaa kwa ajili ya kununua rangi. Ukimwomba nyimbo nane, bila kukusudia umemwomba akueleze miaka ile ambayo wasifu wake rasmi huiruka kwa sentensi moja.

Na kuna muziki wenyewe. Mgeni anataja wimbo, kisha unapigwa, si wote, kipande tu. Huo ni muda wa kupumua ambao mahojiano mengine hayana. Mtangazaji ananyamaza. Mgeni ananyamaza. Muziki ukififia, sauti ya mgeni mara nyingi imeshuka, na sentensi yake ya kwanza baada ya hapo ndiyo ya kutegea sikio. Anayejifunza uandishi wa habari na asikilize sentensi hizo tu. Atapata somo la kumtosha.

Si kila mtu huingia mtegoni. Mwaka 1958 mwimbaji wa opera Elisabeth Schwarzkopf alichagua santuri nane, na saba kati yake zilikuwa za sauti yake mwenyewe. Watu wamemcheka tangu hapo. Mimi naona hata yeye alijieleza, tena kwa ukamilifu: huyu ni mtu ambaye maisha yake yote aliyaweka ndani ya sauti yake, na huko kisiwani asingekuwa na mwenzake mwingine.

Plomley aliendesha kipindi hadi alipofariki mwaka 1985, zaidi ya matoleo 1,700. Baada yake wakafuata Michael Parkinson, Sue Lawley, Kirsty Young, na tangu 2018 Lauren Laverne. Plomley alikuwa mpole, wa kizamani. Kabla ya kurekodi humpeleka mgeni kula chakula cha mchana kwenye klabu ya Garrick, London. Siku moja alimwalika Alistair MacLean, mtunzi wa riwaya za kusisimua. Wakiwa mezani akamwuliza huandika miezi gani ya mwaka. Mgeni akashangaa: kuandika? Yeye ni ofisa wa utalii wa jimbo la Ontario, Kanada! Jina moja, watu wawili. Plomley hakuwa na uso wa kumrudisha, wakaingia studioni, wakarekodi santuri zote nane. Kipindi hicho hakikurushwa kamwe, na ninasikitika, kwa sababu naamini ofisa yule naye alikuwa na nyimbo za kumliza.

Niseme pia kuhusu ndege. Kipindi hufunguliwa kwa muziki laini wa Eric Coates, alioutunga mwaka 1930 akitazama bahari ya Sussex, kusini mwa Uingereza, na juu ya muziki huo husikika shakwe wakilia. Wasikilizaji wajuzi walilalamika: shakwe wa aina ile ni wa kaskazini, hawapatikani kwenye visiwa vya joto. Mwaka 1964 BBC ikawabadilisha, ikaweka ndege wa tropiki. Haikuchukua miezi mingi, shakwe wakarudi. Watu walikuwa wameshawazoea, na kisiwa chenyewe hakikuwahi kuwa kwenye ramani yoyote.

Kwa miaka mingi ya mwanzo BBC haikuona haja ya kutunza kanda. Kipindi kilirushwa, kikaenda na upepo. Sauti za wachoraji, watunzi na waigizaji waliokwisha kufa zilipotea, zikabaki orodha tu za walichochagua. Orodha peke yake inauma kuisoma: nyimbo nane, kitabu, kitu cha anasa, na hujui kwa nini.

Kisha mwaka 2022 ikatangazwa kwamba zaidi ya vipindi 90 vilivyopotea vimepatikana. Havikutoka kwenye ghala la shirika. Vilikuwa kwenye kanda za watu wa kawaida, wale waliokaa sebuleni na mashine zao wakarekodi kutoka redioni kwa sababu tu walipenda walichokuwa wakikisikia, na mkusanyaji mmoja akazifuatilia kanda hizo moja baada ya nyingine. Nyumbani kwetu tulikuwa na mtu kama huyo. Kaka yangu alikuwa akisogeza redio-kaseti karibu na redio kubwa, anatunyamazisha wote kwa kidole, na kwenye kila kanda yake, kati ya wimbo na wimbo, unamsikia mama akiita kutoka uani kwamba chai imeiva.