Asilimia 54 haigeuzi HO kuwa N

Juzi nimepata tena ujumbe uleule: "Kaka, banda lako nimelichapa kwa asilimia 54, mbona kuta zimezidi sakafu?" Sijui huyu ni wa tano au wa sita tangu nitoe faili la kuchapa, kukata na kubandika modeli ya banda la bidhaa la Reli ya Kati, kwa kipimo cha reli ndogo cha HO (1 kwa 87), nao wanaitaka kwa N (1 kwa 160). Wote wamepita njia moja: 87 ukigawa kwa 160 unapata 0.544, basi ingiza namba hiyo kwenye printa na HO imekuwa N. Hesabu haina kasoro. Kasoro iko mezani, kwa sababu kinachopungua ni mchoro tu. Kadibodi unene wake ni uleule.

Chukua banda lenyewe. Upana wake kwenye HO ni mm 80. Kuta fupi zinakaa katikati ya kuta ndefu, na kuta zote zimebandikwa kwenye kadibodi ya mm 2, kwa hiyo ukuta mfupi nimeuchora mm 76. Ongeza mm 2 kila upande, unapata 80, unakaa sawasawa juu ya sakafu. Sasa punguza hadi asilimia 54.4. Sakafu inakuwa mm 43.5 na ukuta mfupi mm 41.3. Bandika kwenye kadibodi ileile ya mm 2: 41.3 na 4 ni 45.3. Umezidi sakafu kwa mm 1.8, na kwa N hiyo ni sentimita 29 za banda halisi. Ndiyo maana kuta zimezidi, ndugu yangu. Hukukosea kukata.

Najua jibu linalofuata: tumia kadibodi ya mm 1. Kwa kuta nne, sawa, nakubali, inakaa karibu kabisa. Lakini masikio ya kubandikia niliyoyachora mm 6 yamebaki mm 3.3, na gundi ya mbao inayavimbisha kabla hujayakunja. Fremu ya dirisha ya mbao ya mm 50 kwenye HO ni kama mm 0.6; kwa wembe mpya na rula ya chuma inakatika vizuri. Kwenye N ni mm 0.3, na karatasi ya gramu 160 yenyewe ina unene wa kama mm 0.2. Unakata uzi. Nimejaribu mara nyingi, na nikitoa fremu moja nzima nimeshachana tatu.

Tuje kwenye bati, maana hapa ndipo ninapoumia. Bati la mgongo mdogo lina mm 76 kutoka mgongo hadi mgongo. Mimi bati ndiyo rula yangu. Kabla sijaruhusiwa kusogea na futi ya kupimia, nilipiga picha ukuta mfupi wa banda nikahesabu migongo 92. Mara 76, karibu mita 7. Baadaye futi ilinipa tofauti ya sentimita chache tu. (Siiamini njia hii peke yake. Mabanda haya yamebadilishwa mabati mara kadhaa tangu Wajerumani walipoijenga reli kati ya 1905 na 1914, na bati jipya linaweza kuwa na mgongo mwingine. Kwa hiyo kila mara nalinganisha na mlango.)

Kwenye HO kila mgongo unakuwa mm 0.87. Nikichora picha kwa nukta 300 kwa inchi, hizo ni kama nukta 10: zinatosha kuweka upande wa jua, upande wa kivuli, na kutu kidogo bondeni. Ukiipunguza picha hiyo hadi asilimia 54.4, mgongo unabaki na nukta 5.6. Hakuna nukta ya nusu, kwa hiyo printa inaupa mgongo mmoja 5 na mwingine 6, na tofauti hiyo inajirudia paa zima. Unapata mistari mipana, myeusi na myeupe, ambayo haipo kwenye bati lolote duniani. Paa linakuwa kikoi. Kazi ya usiku mwingi ya kuchora kutu inapotea kwa kubonyeza kitufe kimoja.

Toleo la N ninalolichora sasa lina mgongo wa nukta 6 kamili. Hiyo ni mm 0.508, sawa na mm 81 kwa uhalisia, yaani nimelidanganya bati kwa mm 5. Jicho halioni, na paa linatulia.

Suala la vivuli mpaka leo linanisumbua. Nikichapa kivuli chini ya upenu, picha inapendeza, ila taa ya meza ikitoka upande mwingine banda linakuwa na vivuli viwili. Nikikiacha, ukuta unaonekana bapa. Kwenye HO nimekiweka hafifu. Kwenye N nimekifuta na kukirudisha mara tatu.

Kuhusu kuchapa: asilimia 100, basi. Programu nyingi huja zimetegeshwa kutosheleza ukurasa, na kijana wa steshenari atabonyeza tu asipoambiwa. Kila ukurasa nimeweka mstari wa mm 100. Upime kabla hujashika wembe. Ukisoma 97, rudisha. Kwa walioko Marekani, karatasi yao ni fupi, mm 279 dhidi ya 297 za A4, kwa hiyo michoro yote nimeibana ndani ya mm 190 kwa 260.

Na kama reli yako ya N ina upana wa mm 9 kati ya vyuma viwili, zidisha kwa 160: 1440. Hiyo ni karibu sawa na SGR, yenye mm 1435. Banda hili ni la reli ya upana wa mita moja, ambayo kwenye N inataka karibu mm 6.5. Sikukatazi kuliweka hapo, ila ujue umeliweka kwenye reli gani.

Faili ni la bure na litabaki hivyo. Naomba kitu kimoja: usisambaze lililopunguzwa likiwa bado na jina langu, kwa sababu anayeshindwa kulijenga ananiandikia mimi. La N litakuwa na kurasa 2 badala ya 4. Kuta zote nne ziko kwenye ukanda mmoja unaokunjwa pembeni, hakuna kuunganisha kadibodi kwenye kona. Madirisha yamechapwa. Bado kutu ya upande wa mvua sijaipatia.