Askari mia tano, brashi moja

Mwezi wa kwanza, mteja wangu mmoja wa South C alinipigia simu akaniuliza kama ninaweza kumpigia rangi jeshi zima la vijisanamu vya Wahabeshi wa Adwa, la kuchezea vita vya mezani. Nikaitikia kabla hajamaliza. Simu ilipokatika ndipo nikatafuta kalamu.

Vita vya Adwa vilipiganwa kaskazini mwa Ethiopia tarehe 1 Machi 1896. Mfalme Menelik II wa Ethiopia na mkewe, Malkia Taytu, walikuwa na watu wanaokadiriwa kufika 100,000. Jenerali Baratieri wa Italia alikuja na 17,000 na ushei, Waitaliano pamoja na askari wao wa Eritrea. Tukisema kila kijisanamu kinasimama badala ya watu 200, Waitaliano ni 85 hivi. Wahabeshi ni 500. Mteja wangu, kama mtu yeyote mwenye akili, alitaka upande ulioshinda. Nikikipa kila kijisanamu dakika 25, hiyo ni saa 208. Kwa saa moja na nusu kila usiku nikishatoka kazini, ni karibu miezi mitano bila kukosa hata usiku mmoja.

Miaka tisa sasa nawapigia watu vijisanamu vyao rangi hapa Nairobi, na maswali ninayoulizwa ni yale yale: brashi namba ngapi, rangi gani, gundi gani. Ni nadra kuulizwa kuhusu kile kinachoua majeshi mengi kuliko mizinga, yaani hamu kukukatika katikati. Karibu kila mchezaji ninayemjua mjini ana sanduku chini ya kitanda lililojaa plastiki ya kijivu, na juu yake kuna watu wanne watano waliopigwa rangi vizuri sana, halafu basi.

Mimi pia nilikuwa nalo. Jeshi langu la kwanza kubwa nililianza kwa njia ambayo wengi hufundishwa: unapanga wote mezani, unapaka nyuso zote, kisha suruali zote, kisha mikanda yote, kama kiwandani. Nilipanga 60. Usiku wa tatu nilikuwa na nyuso 60 za kahawia na sikuwa na hata mtu mmoja aliyekamilika. Usiku wa nne nilichovya brashi kwenye chai. Ilikuwa chai ya rangi, kwa hiyo hata jina lilinidanganya. Nilikunywa nusu kikombe kabla sijaonja kitu. Kesho yake sanduku likapanda juu ya kabati, likakaa huko miezi minane.

Aliyenitoa hapo hajui lolote kuhusu vita vya mezani. Ni jirani yangu pale Umoja, mama mmoja anayeshona sare za shule. Desemba kibanda chake huwa kimejaa vitambaa hadi mlangoni, kwa sababu Januari kila mzazi anataka shati siku hiyo hiyo. Nilikuwa nimempelekea suruali akunje upindo, nikamwuliza, "Mama, huchoki na mashati mia mbili ya rangi moja?"

"Hayo mia mbili umeyaona wapi, mwanangu?" akasema bila kuinua macho. "Mimi hapa nina dazeni moja."

Kando yake kulikuwa na gunia limefungwa kwa kamba. Vitambaa vilivyokwisha kukatwa vyote vimo humo. Anatoa kumi na mbili, anavishona, anatia vifungo, anapiga pasi, anakunja, anaweka kwenye rafu. Ndipo anafungua kamba tena. Shati lisilo na kifungo kimoja halihesabu kuwa shati.

Nilirudi nyumbani nikashusha sanduku, nikatoa kumi na wawili, nikafunga kifuniko kwa selotepu.

Tangu siku hiyo sijawahi kuwa na zaidi ya dazeni moja mezani, na nimekuja kuona kwamba idadi hiyo inaifaa kazi yetu kwa sababu ya rangi yenyewe. Rangi ya akriliki ikipakwa nyembamba hukauka kwa dakika chache. Ukiwa na watano, ukimaliza wa tano yule wa kwanza bado mbichi, unakaa unasubiri, unachukua simu, usiku umekwisha. Ukiwa na kumi na wawili, unaporudi kwa wa kwanza yuko tayari. Wakizidi ishirini, rangi haina shida, lakini wewe ndiye utakayekauka.

Hatua moja tu naifanya kwa jeshi zima kwa mpigo, na ni kwa sababu ya mvua. Praima ya kupuliza, yaani rangi ya msingi inayotangulia nyingine zote, haipendi unyevu. Ukiipuliza Aprili, mawingu yamelala juu ya mji, inatua ikiwa punje punje kama unga, na kijisanamu kinashika ukurutu usiofutika. Kwa hiyo hao 500 nilikwisha kuwapulizia wote kabla ya masika, juu ya paa la ghorofa letu, kati ya saa nne asubuhi na saa nane, jua likiwa kali. (Angalieni kamba za nguo. Nimewahi kumnunulia jirani shuka jipya.) Halafu wote wakarudi sandukuni.

Sasa, Wahabeshi wana shida yao ya pekee, nayo ni nyeupe. Wengi wao huvaa shamma, lile shuka la pamba, na nyeupe ndiyo rangi inayokatisha tamaa kuliko zote. Ukiipaka moja kwa moja kutoka chupani inakuwa kama chokaa, ina mabonge na michirizi, unarudia mara nne na bado inaonekana chafu. Msianze na nyeupe. Mimi napuliza praima ya rangi ya maziwa ya mtindi, halafu natwaa kahawia niliyoizimua kwa maji hadi inateleza, naiachia ishuke yenyewe kwenye mikunjo. Ikikauka, nguo inaonekana kama imefuliwa kwa maji ya mto wenye tope. Hapo tu ndipo nyeupe inaingia, kidogo mno, kwenye migongo ya mikunjo, pale jua lingepiga. Mwisho ni mkanda mwekundu wa upindo, mkono mmoja bila kusita. Mkanda huo ndio raha yangu. Nyeupe yote ile hugeuka kuwa nguo mara tu nyekundu inapopita.

Ngozi nayo isiwe kahawia moja. Chupa zilizoandikwa "ngozi" nilizoanza nazo zote zilikuwa za Mzungu, hivyo nilijifunza kuchanganya: kahawia iliyokolea, tone la nyekundu, tone la manjano ya udongo. Nachanganya aina tatu kwa kila dazeni na kuzigawa bila mpango. Kundi la watu halifanani nyuso, na mkono wako pia hupumzika kidogo na kurudiarudia.

Mboni za macho siwachorei. Mchezaji anasimama hatua moja kutoka mezani, anaona kundi, hamwoni mtu. Muda huo nauweka kwa walio safu ya mbele na kwa mwenye bendera. Wale wa safu ya tatu wanapata rangi tano na kivuli, na hakuna aliyewahi kunilalamikia. Rafiki zangu wanaoshindania ustadi wa kijisanamu kimoja kimoja huniona mhuni kwa hili. Wao wana askari saba.

Kitako nacho kimalizwe pamoja na mtu wake. Watu huacha vitako vyote vya mwisho, na kwa hiyo wanaishi miezi wakitazama askari waliosimama juu ya plastiki nyeusi, na jicho halikubali kwamba wamekwisha. Gundi ya mbao, mchanga wa mjengo uliochujwa kwa chujio la chai (nunua lako, usichukue la jikoni), kahawia ya vumbi, kisha brashi kavu yenye rangi hafifu ikipita juu juu ili punje zitokeze. Kazi ya kupaka gundi na kunyunyiza mchanga naiweka akiba kwa usiku stima inapopotea, maana hata kwa taa ya kuchaji inawezekana.

Nilichokuwa sikijui zamani ni kwamba waliokamilika wanapaswa kuonekana. Wangu wako kwenye kabati la vioo sebuleni, katikati ya glasi za wageni, na watoto wa jirani huingia kuwahesabu. Kila dazeni mbili zikitimia, najipa kimoja cha anasa: jemadari wa Kihabeshi Ras Alula juu ya farasi, au mzinga wa Hotchkiss na wapigaji wake. Hivyo navipaka polepole, na redio imewashwa, bila kutazama saa. Na Jumapili mteja anakuja tunacheza na hao hao waliopo. Tulianza na 48, mapigano madogo kilimani tuliyoyatunga wenyewe, na akapoteza. Akaniambia niharakishe wapanda farasi.

Ushauri wa kupiga rangi kila siku bila kukosa siupendi. Unafanya kazi kwa hofu ya kukata mnyororo, na siku ukikatika unaacha yote. Mimi nikihisi mkono mzito, nashughulikia kitu kimoja tu, labda mikanda ya ile dazeni, dakika kumi na tano, naosha brashi, nalala. Na siku mbili kwa wiki siigusi kabisa. Vijana wanaocheza drafti pale nje wamezizoea siku hizo, ndipo wanapokuja kuniomba vizibo vya soda, kwa kuwa vijisanamu vyangu vyote huvigandisha juu ya vizibo ili nivishike bila kugusa rangi.

Tuko dazeni ya 27. Ya mwisho itakuwa na wanane tu, nami tayari nimeamua kwamba hao wanane watakuwa karibu na Taytu mwenyewe, akiwa amesimama chini ya mwavuli. Huyo ni Taytu wa pili. Wa kwanza mwavuli wake ulinivunjikia mkononi nikisafisha plastiki iliyozidi, nikampelekea yule mama kama zawadi, bila mwavuli. Amesimama juu ya cherehani hadi leo. Juzi nilipopita nikaona ametiwa mwavuli mpya, kijiti cha meno na kipande cha kitambaa cha sare, bluu ya shule.