Haidroliki ya trekta ya zamani: pampu iache kwanza

Trekta ikigoma kunyanyua jembe, kila mtu anasema pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kunyanyulia, imekufa. Mi pampu naishuku mwisho kabisa, maana kwenye trekta nyingi za zamani ukitaka kuitoa unamwaga oili yote na siku nzima inaishia hapo, halafu ukute ugonjwa haukuwa wa pampu, umefunga mpya na jembe bado liko chini vile vile.

Anza na oili. Mara nyingi gia na haidroliki zinatumia oili moja, kwa hiyo ikipungua gia zitavumilia lakini lifti, yaani mikono inayonyanyua jembe, italegea. Ukiikuta nyeupe kama maziwa, chota kidogo weka kwenye chupa ya kuonekana uiache itulie. Ikisafika haraka ilikuwa hewa tu, yaani pampu inavuta upepo sehemu, kagua oringi (mipira ya duara ya kuzibia) na maungio ya bomba la kuvutia oili. Ikibaki maziwa ina maji hiyo, mwaga yote. Strena nayo, kichujio cha oili, toa uioshe, ikiziba pampu inakosa oili na utaisikia inalia.

Sasa kipimo ninachokipenda, hakihitaji hata spana: nyanyua jembe mpaka juu, zima injini, watu wasisogee karibu, uliangalie. Likishuka haraka, oili inavuja upande wa silinda, sili ya pistoni (mpira unaozuia oili isipite) imelika au valvu inayoishikilia oili haifungi, na hapo hata ufunge pampu tatu hakuna kitakachobadilika. Likitulia juu ila kulinyanyua ndo shida, rudi upande wa pampu, na usisahau valvu ya kupunguzia presha, ikikwama wazi oili yote inarudi tangini.

Kuna ile ya asubuhi inanyanyua safi, ikipata moto inagoma. Oili ya moto inakuwa nyepesi, inapenya kwenye vyuma vilivyolika. Hapo sasa pampu naishuku kweli, ila nafunga geji kwanza nione presha ikiwa moto. Wengine wanaweka oili nzito, jamani, unaficha ugonjwa siku chache tu na ikiwa baridi pampu inahangaika kuivuta.

Na tafadhali sana, paipu ikivuja usipapase kwa mkono, pitisha kipande cha boksi. Oili ya presha inatoboa ngozi kama sindano, mwanzoni inaweza isiume hata kidogo, lakini ikiingia ni hospitali saa hiyo hiyo, usisubiri kidole kivimbe.