Kupiga papo hapo si kukurupuka

Juzi tumemaliza kuwasikilizisha watu wachache albamu yetu ya muziki wa kutafakari, ule wa polepole unaobuniwa papo hapo wakati wa kupiga, hata nyaya sijazichomoa, akaja mmoja akanishika bega. "Hongera sana, kaka. Kumbe kazi yenyewe nyepesi hivi! Mnawasha mashine, inajipiga, nyinyi mnatafakari." Alisema kwa upendo kabisa, ndiyo maana sikumjibu palepale. Lakini ni mara ya tatu mwezi huu naambiwa maneno hayohayo, na safari hii nimelala nayo na kuamka nayo. Acha niyatoe.

Sisi ni wanne. Mimi niko kwenye sinthesaiza (kinanda kinachotengeneza sauti kwa umeme) na miksa, dada mmoja anapiga filimbi, mwenzetu mwingine ana gitaa na pedali zake, na wa nne anaendesha besi na lupu, yaani vipande vya sauti vilivyorekodiwa vinavyojirudia. Tulirekodi jioni tatu, jumla muda wa saa tisa, tukatoa albamu ya dakika 46. Hakuna noti hata moja iliyoandikwa. Na hakuna hata moja iliyopigwa kwa kukurupuka. Watu wanadhani sentensi hizo mbili haziwezi kukaa pamoja, na hapo ndipo tunapopotezana.

Yale mepesi niyapitie haraka. Wakati wa kurekodi, kila mtu na traki yake, yaani mkondo wake wa sauti, biti 24, kilele cha sauti desibeli 12 chini ya sifuri, kwa sababu muziki huu unaanza kama mnong'ono na huwezi kujua dakika ya ishirini mtu atafungua filta (kizuizi cha sauti za juu) kiasi gani. Bafa, ile akiba ndogo ya sauti ambayo kompyuta huikusanya kabla ya kuitoa, tuliweka sampuli 128 kwenye kHz 48, yaani sauti inachelewa kama milisekunde 2.7 kwenda na nyingine 2.7 kurudi. Wapo wanaosema kwenye muziki wa polepole kuchelewa hakuna madhara. Kwa noti inayochukua sekunde sita kuchomoza, sawa. Kwa mpiga filimbi anayesikia pumzi yake mwenyewe kwenye hedifoni, si sawa hata kidogo. Anahisi kuna mtu mwingine anapumua nyuma yake, na anaanza kupiga kwa woga.

Makubaliano ndiyo yaliyotuchukua muda. Tulikutana wiki mbili nzima bila kurekodi chochote. Tukakubaliana kituo chetu, noti ya kurudi nyumbani, ni A. Tukakubaliana kwamba chini ya Hz 100 (mitetemo 100 kwa sekunde) anakaa mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na akitaka kutoka anatoka taratibu ili mwingine aingie, maana besi mbili zisizojuana kule chini ni tope tupu. Mwangwi mrefu tukasema uwe mmoja, wa wote, upite kwenye miksa, badala ya kila mtu kuja na chumba chake. Hakuna kuhama kii bila kukaa kimya kwanza. Halafu tukafanya zoezi ambalo nadhani ndilo lililoijenga albamu: dakika ishirini, kila mtu anaruhusiwa noti tano tu. Jaribu na wenzako uone. Mara ya kwanza mpiga gitaa alizimaliza zake ndani ya dakika tatu, akabaki amekunja mikono dakika kumi na saba. Tulipomaliza akasema tangu tuanze kupiga pamoja hajawahi kutusikia vizuri kama siku hiyo. Siku ya pili alifika dakika ya ishirini akiwa na noti mbili mkononi.

Sasa hilo la mashine kujipiga.

Kuna jambo moja mashine inamshinda binadamu: haisahau. Irekodie lupu ya sekunde 17, itakurudishia hizohizo sekunde 17 mpaka umeme ukatike. Lakini haisikilizi. Haijui kama gitaa limeanza kusema jambo zito, haijui kama noti yake ya tatu inamkanyaga mwenzake. Dilei, kifaa kinachoirudia sauti baada ya muda, ukiiwekea fidibeki (kiasi cha sauti inayorudishwa ndani yake) ikapita asilimia mia, itazidi kujilisha yenyewe mpaka ipasue spika, na haitaona kosa lolote. Kwa hiyo mwenye lupu anasikiliza mara mbili, kwa ajili yake na kwa ajili ya mashine.

Sisi tunapenda lupu ambazo urefu wake hauna kigawanyo cha pamoja. Moja sekunde 17, nyingine 23. Zikianza pamoja, hazitaanza tena pamoja mpaka zipite sekunde 391, yaani dakika sita na nusu. Ongeza ya tatu ya sekunde 29, na zote tatu zitakutana baada ya kama saa tatu na dakika tisa. Watu wakisikia hesabu hii hupiga makofi: unaona sasa, inajipiga! Hapana. Hesabu inakupa mpangilio ambao haujirudii upesi. Kama mpangilio huo unafaa kusikilizwa, hesabu haina habari. Kuna wakati noti tatu zinajikusanya mahali pamoja na kubanana, na kama hakuna mtu mwenye kidole kwenye feda (kitelezi cha kupandisha na kushusha sauti) akaishusha moja kwa sekunde nne, msikilizaji anakunja uso bila kujua kwa nini. Katika kipande cha pili feda moja imeshushwa na kupandishwa zaidi ya mara thelathini. Huwezi kuzisikia hizo mara thelathini, na mwenye lupu alitokwa jasho kuhakikisha huzisikii.

Nieleze tukio moja kwa karibu, maana nadhani bila mfano tutazungushana.

Jioni ya pili. Nimeshikilia A ya Hz 110 kwenye sinthesaiza, wimbi la msumeno, filta imefunguka nusu, kwa hiyo ndani yake zimo harmoniki, sauti za juu zinazozaliwa na noti hiyohiyo: 220, 330, 440 na nyingine juu zaidi. Mpiga gitaa anaugusa uzi wa tano wazi, A ileile, na dilei yake inaurefusha huku ikila sauti za juu. Dada wa filimbi hajapuliza kwa dakika kumi na moja. Filimbi iko mapajani. Kisha anainua, anapuliza A ya 440, kwa upole mno. Filimbi ikipulizwa kwa upole hushuka, na ikiwa imepoa hushuka zaidi. Ile ilikuwa imelala dakika kumi na moja. Ikatoka kama 438. Palepale sauti zikaanza kugombana, wuu, wuu, wuu, mara mbili kila sekunde.

Nilikuwa na njia tatu. Kufunga filta ili ile 440 iliyo ndani ya sauti yangu ipotee, na ugomvi uishe; hiyo ndiyo njia safi. Kushusha osileta, chanzo cha noti yangu, hadi 109.5 ili harmoniki yake ya nne imfuate dada huko chini. Lakini hapo namwacha mpiga gitaa peke yake kwenye 110, na sasa ugomvi unahamia kwetu sisi wawili. Au kukaa tu, nikamwacha ajirekebishe mwenyewe mbele ya maikrofoni.

Nilishusha robo ya Hz. 109.75. Mapigo ya juu yakalegea, yakawa moja kwa sekunde. Huku chini mimi na gitaa tukaanza kuyumba pamoja, wimbi moja kila sekunde nne, kama ngalawa iliyofungwa. Dada akasikia mapigo yamepungua, akajua nimemfuata nusu ya njia. Akakaza pumzi kidogo, akapanda. Mapigo yakawa moja kwa sekunde mbili, kisha moja kwa sekunde tatu, kisha yakasimama kabisa, na noti ile ikawa nene kwa namna ambayo hakuna kati yetu angeweza kuifanya peke yake. Kama sekunde ishirini hivi. Hakuna aliyemtazama mwenzake.

Sasa niambie ni kitufe kipi hicho kinachofanya hivyo. Na niambie vilevile kama ingewezekana bila zile wiki mbili. Mtu ambaye hatujazoeana angesikia ile 438 akadhani amekosea, angenyamaza kwa aibu. Dada hakunyamaza kwa sababu tulishagombana na kupatana kwa noti mara nyingi kabla ya jioni ile, na alijua sitamkimbia.

Wengine wanadhani shida yote ni umeme, kwamba ukitumia ala za kawaida hutaulizwa maswali haya. Mwaka 1988 wanamuziki Pauline Oliveros, Stuart Dempster na Panaiotis walishuka kwenye tangi la maji lililokuwa tupu chini ya ardhi huko Fort Worden, jimbo la Washington nchini Marekani, wakiwa na akordioni, tromboni na sauti zao, wakarekodi. Kilichotoka mwaka 1989 kikaitwa Deep Listening. Mwangwi wa tangi lile ulidumu sekunde 45. Fikiria maana yake kwa mpigaji: noti uliyopuliza sasa utaishi nayo robo tatu ya dakika, na wenzako pia wataishi nayo. Huna kitufe cha kuizima. Tangi lilikuwa linafanya kazi ya dilei yetu, nalo halikuwa linasikiliza, kama ilivyo dilei yetu. Waliokuwa wanasikiliza ni watu watatu. Kila ninapomkaribisha mtu mpya kwenye kikundi humwambia afikirie lile tangi kabla hajagusa pedali ya mwangwi, kwa sababu kwenye pedali sekunde 45 hupatikana kwa kuzungusha kidole, na urahisi huo unawafanya watu wasahau kuwa wameamua jambo zito kwa niaba ya wenzao.

Kuna neno lingine linalonikera zaidi, na hili sitalipita haraka: kwamba muziki wa kutafakari ni muziki wa kulalia. Atakayelala, alale, sina ugomvi na usingizi. Lakini sisi tunapoupiga hatulegei. Moyo unatulia, masikio yanakaza. Tofauti unaisikia kwenye rekodi. Wapigaji wakilegea, kila kitu kinakuwa laini na kila kitu kinafanana, hakuna noti inayomhitaji mwenzake, ukiondoa traki moja hakuna kinachopungua. Wakiwa macho, ukizima traki moja muziki unachechemea. Mimi huo ndio mtihani wangu: nazima traki moja moja na kusikiliza kama kuna anayemtafuta aliyetoka. Jioni ya kwanza yote ilianguka kwenye mtihani huo. Ilikuwa nzuri sana, inapendeza kama moshi wa ubani, na ukizima gitaa hakuna aliyeuliza gitaa limekwenda wapi. Tukaitupa yote, muda wa saa tatu.

Hapa lazima niseme na yale nisiyo na uhakika nayo. Kile kipande cha jioni ya pili tulijaribu kukirudia. Sinthesaiza ilikuwa na mipangilio ileile niliyoipiga picha, chumba kilekile, viti vilevile, watu walewale. Haikutoka. Haikuwa mbaya, ila tulikuwa tunaifukuzia noti ya jana badala ya kusikiliza ya leo. Maandalizi yetu yanafungua mlango. Nani anaingia, sina uwezo wa kuamua. Nimepiga muziki huu miaka mingi na bado siwezi kukuahidi kwamba Jumamosi tukikutana kitatokea kitu.

Na kuna suala la kukata. Saa tisa kuwa dakika 46 maana yake ni mkasi, na mtu ana haki ya kuuliza papo hapo iko wapi tena. Hii si hoja mpya. Albamu In a Silent Way ya mpiga tarumbeta wa jazi Miles Davis ilipigwa kwa siku moja, Februari 18, 1969, kisha prodyuza wake Teo Macero akaingia na wembe kwenye tepu. Kile unachokisikia mwanzoni mwa upande wa pili kinarudi mwishoni, na hawakukipiga mara mbili, kimenakiliwa. Mimi naipenda albamu ile na sioni dhambi katika nakala hiyo. Lakini nilipokata dakika nne za ukimya katikati ya kipande chetu cha tatu, dada wa filimbi alisikiliza, akavua hedifoni, akasema, "Kaka, umeniondolea sababu ya kupuliza." Alikuwa sahihi. Noti yake ya kwanza baada ya zile dakika nne ilikuwa na uzito kwa sababu ya zile dakika nne. Nilipoisogeza karibu ikawa noti ya filimbi tu, nzuri, haina jambo. Mpiga gitaa akasema naye kweli yake: hakuna msikilizaji atakayekaa na dakika nne za karibu hakuna kitu. Tulibishana juma zima. Mwisho tulirudisha dakika mbili na sekunde kumi. Kwa nini mbili na kumi? Kwa sababu hapo ndipo sote wanne, tukisikiliza tumefumba macho, tuliacha kungoja mkato. Sijui kama kuna kanuni nyuma ya hilo, na kipande kingine kingedai urefu mwingine.

Kwa hiyo ukiipata albamu, nenda kwenye kipande hicho cha tatu, weka hedifoni, ongeza sauti kidogo katikati ya ule ukimya. Utasikia pumzi ikivutwa karibu na maikrofoni, midomo ikigusa filimbi, kisha hakuna noti. Dada alijiandaa, akausikia uzi wa gitaa bado unaimba, akashusha filimbi akausubiri uishe. Kila aliyetusaidia kumiksi alitaka kuifuta pumzi ile. Tumeiacha.