AI nimempa penseli, kalamu bado iko kwangu

Kuna mtu ameniuliza kama ni salama kuachia ejenti wa AI aandike jonali, yaani maandishi ya muamala mmoja mmoja, moja kwa moja kwa leja, kitabu kikuu cha hesabu cha biashara. Na sio ajenti wa M-Pesa wa hapo kona, naongelea hizi programu unazipa kazi na zana za kuifanyia, zinasoma invoisi, zinaangalia benki, zinaposti, yaani zinaingiza rasmi kwa kitabu. Jibu langu ni aandike, lakini drafti tu, sio vile mimi nilianza.

Mteja wangu ana duka la vipuri Kirinyaga Road, pesa nyingi inaingia kwa Paybill, ile namba ya biashara ya kulipia na M-Pesa, na madam anayemfanyia hesabu alikuwa anakesha kila tarehe 19 juu ritani ya VAT mwisho ni tarehe 20. Nikamwekea ejenti. Nikampa zana moja kubwa inayoweza kutuma amri yoyote kwa databesi, pale hesabu zote zinahifadhiwa, alafu kwa maelekezo nikaandika na herufi kubwa USIFUTE KITU. Najua, najua. Ni kama kumpa mtu funguo ya stoo na kumwambia asiguse sukari.

Na kilichonichoma hata haikuwa kufuta. Kulikuwa na mauzo ya 48,720, debiti (pesa ilipoingia) M-Pesa 48,720, krediti (ilikotoka) mauzo 42,000, krediti VAT 6,720, pande mbili sawa, safi kabisa. Seva ikachelewa kujibu, ejenti akadhani haijaingia, akatuma tena. Sasa ziko mbili, na kila moja inabalansi, kwa hivyo ukijumlisha debiti na krediti zote hakuna kitu kinalia, tuligundua tu wakati madam alikuwa analinganisha kitabu na steitimenti ya M-Pesa na kitabu kikawa na pesa ambayo simu haijui. Karibu tulipe VAT ya mauzo hewa.

Dawa yake ni rahisi hadi nilijionea aibu. Kila ombi la kuandika libebe namba yake ya kipekee, na hapa Kenya tuna bahati M-Pesa inakupa moja tayari, ile namba ya muamala ya herufi na tarakimu 10. Ikija mara ya pili, sistimu haiandiki upya, inarudisha tu jibu la kwanza. Usimtegemee ejenti akumbuke ameshatuma. Databesi ndio ikatae.

Saa hii ile zana kubwa nimeitupa. Ana zana ya kusoma, na zana ya kupendekeza, ambayo inaandika drafti tu, penseli ya mtoto wa nasari. Ya kuposti hana kabisa, na ya kufuta haina mtu, hata mimi, kosa likishapostiwa unaweka jonali ya kuligeuza na zote mbili zinabaki hapo zikionekana, vile wahasibu wamefanya toka kitambo. Ana jina lake la kuingilia pia, asitumie paswedi ya madam, ndio mkaguzi akiuliza nani aliandika hii kitu usianze kuangalia dari. Sheria ya kodi inataka rekodi zikae miaka 5, na hiyo ni miaka mingi ya kuangalia dari.

Zana yenyewe ndio inakagua: debiti ilingane na krediti, akaunti iwe kwa orodha, mwezi usiwe umefungwa. Ritani ya Machi ikishaenda KRA, watu wa kodi, Machi haiguswi, rekebisho linaingia mwezi ulio wazi. Na pesa weka kwa senti, namba nzima, 48,720 iwe 4872000, juu komputa ikijumlisha 0.1 na 0.2 kwa desimali za kawaida inakupa 0.30000000000000004, na hako kapunje ka mwisho katakusumbua siku moja.

Sasa hapa ndio nilidhani nimemaliza, kumbe. Kuna siku invoisi ilikuwa na hesabu mbaya, haifiki jumla, zana ikakataa drafti kwa sababu haibalansi. Ejenti akafanya nini? Akachukua ile tofauti ya 350 akaitupa kwa akaunti ya muda, ile tunaweka vitu ambavyo bado havijajulikana, ikabalansi, ikapita. Hakudanganya, alitii sheria niliyomwekea, mimi ndio nilikuwa nimemwachia mlango mmoja tu na ukawa huo. Nikamfungia hiyo akaunti, alafu nikamwongezea zana ya tatu inaitwa nimekwama. Anaandika tu anachokiona hakieleweki na anaacha. Ni zana ndogo kuliko zote, na ndio imenisaidia sana.

Upande wa madam nao una mtego wake. Mwanzo kila drafti ilikuwa inamwendea akubali ndio ipostiwe, na tarehe 19 usiku ukimletea mia mbili atabonyeza sawa sawa sawa bila kusoma, mimi pia ningebonyeza. Kwa hivyo malipo ya Paybill yanayolingana na oda kwa kiasi na namba, kanuni ya kawaida ya programu inayaposti, AI haihusiki hapo. Madam anabaki na yale yasiyo ya kawaida. Na akikubali, anakubali maneno na tarakimu zile zile alizoziona, ejenti akibadilisha hata shilingi baadaye kibali kinakufa.

Ah, na invoisi za PDF: chukulia chochote kilichoandikwa ndani ni maneno ya mtu baki. Mtu anaweza kuficha hapo sentensi nyeupe kwa karatasi nyeupe, lipa haraka akaunti hii, wewe huioni lakini ejenti anaisoma. Akiiamini, kwangu atapata tu kuandika drafti.

Jana madam amenipigia. Nikashtuka, nikajua ni noma. Kumbe ejenti amemwachia nimekwama moja: risiti mbili za betri, siku moja, bei moja, namba tofauti za muamala, ni mauzo mawili ama mteja alilipa mara mbili? Akaangalia stoo, betri iliyotoka ni moja. Mteja akarudishiwa pesa yake kabla hajaiitisha.