Kufunga programu kwenye kontena: nywila ibaki nje

"Mbona kwangu inafanya kazi?" Swali hili tunalisikia karibu kila programu mpya inapopelekwa kwenye seva. Msanidi ametumia lugha ya programu ya Python 3.12, seva ina 3.8, maktaba moja (msimbo wa wengine ambao programu huutegemea) haipo, na watumiaji wanasubiri huduma.

Kontena linamaliza mvutano huo. Kreni ya bandarini haiulizi kama ndani mna mchele au vipuri. Inashika pembe nne na kupakia. Programu nayo hufungwa pamoja na maktaba zake, ikaendeshwa vilevile popote penye kiendeshaji cha kontena. Docker, programu ya kujenga na kuendesha kontena iliyotangazwa Machi 2013, ndiyo iliyoieneza njia hii. Kontena hutumia kiini cha mfumo endeshi wa seva yenyewe, ndiyo maana huwaka kwa sekunde chache. Kwa sababu hiyohiyo ukuta wake ni mwembamba kuliko wa mashine pepe (kompyuta ya kuigizwa yenye mfumo endeshi wake), basi usiliendeshe kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu.

Kazi huanzia kwenye Dockerfile, faili lenye maelekezo ya kujenga imeji, yaani kifurushi ambacho kontena huwashwa kutokana nacho. Mstari wa kwanza hutaja msingi, mfano FROM python:3.12-slim. Andika namba ya toleo kila mara. Ukiandika "latest", kesho unaweza kupata kitu kingine kabisa. Kisha sakinisha maktaba, na msimbo wako unakili mwishoni. Kila hatua ya namna hiyo huweka tabaka, na ukibadili msimbo hujengwa upya tabaka za juu tu. Kwa anayejenga kwa bando la simu, mpangilio huu unaokoa pesa.

Tabaka hizohizo zina hatari ninayoomba muizingatie sana. Niliwahi kukagua imeji ya ofisi moja. Faili lenye nywila ya hifadhidata lilinakiliwa ndani, na mistari miwili chini likafutwa. Aliyeandika aliamini limetoweka. Lakini tabaka la chini halifutiki, hufunikwa tu. Nililifungua nikaisoma nywila yote, na siku hiyohiyo ikabidi ibadilishwe. Kontena lipewe siri linapowashwa; siri isiwemo kwenye imeji.

Data nazo ziwekwe nje, kwenye diski iliyounganishwa, kwani kontena likiondolewa huondoka na kila lilichoandika ndani yake. Kabla ya kuzindua huduma, ingiza rekodi moja ya majaribio, ondoa kontena, washa jipya, kisha itafute rekodi hiyo.